Mguu ukiteguka, eksirei ni lazima?

Mtu akikanyaga vibaya na kifundo cha mguu kikavimba, ndugu waliomleta huwa na swali moja: mbona hapigwi picha? Wana hoja. Kuteguka na kuvunjika vyote huuma, vyote huvimba. Lakini katika kila majeruhi 100 wa aina hii, waliovunjika kwa kawaida hawafiki 15. Wengine wote hulipia picha, pengine na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha huambiwa mfupa ni mzima.

Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kuwachuja. Maumivu yakiwa kwenye kifundo, bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje, sentimita 6 za mwisho hadi nchani, kisha fanya vivyo hivyo upande wa ndani. Yakiwa katikati ya mguu, bonyeza nundu iliyo ukingoni mwa unyayo, pale unapoanzia mfupa wa kidole kidogo, halafu mfupa wa navikula, mbele kidogo ya kifundo upande wa ndani. Mfupa ukiuma hata mahali pamoja tu kati ya hapo, apigwe picha. Apigwe pia kama hakuweza kukanyagia mguu alipoumia na hata sasa, mbele yako, anashindwa kupiga hatua 4. Akichechemea, amekanyaga.

Kanuni hii huharibikia mkononi mwa mpimaji. Kidole hukimbilia mbele na chini ya kifundo cha nje, palipovimba zaidi. Hapo kano ndiyo imechanika, na karibu kila mtu atapiga kelele. Anza juu, pasipouma, ushuke na kidole gumba ukifuata mfupa wenyewe kwa nyuma.

Ikifuatwa hivyo, mivunjiko inayoiponyoka ni michache sana, na picha hupungua kwa takriban theluthi moja. Wanaokataa picha kwa kuogopa mionzi, hata hivyo, wanatumia hoja dhaifu: mionzi ya picha ya kifundo ni kidogo mno. Kinachookolewa ni pesa na muda wa mgonjwa.

Upande wa pili nao una uzito. Mlevi, mwenye jeraha kubwa kwingine, au mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, jibu lake la "haiumi" halitegemeki. Kisigino na vidole havimo kabisa kwenye kanuni, wala mfupa mwembamba wa nje karibu na goti, ambao nao huweza kuvunjika kifundo kikipinda. Ubonyeze.

Kwetu kuna jambo zito zaidi: wengi hufika wakiwa wameshachuliwa wiki mbili. Utafiti wa mwanzo haukuwahusisha walioumia zaidi ya siku 10. Kwa hao, kama bado wanaumia, mimi naandika picha bila kusita.

Anayerudishwa nyumbani bila picha aambiwe waziwazi: kama siku 5 hadi 7 zikipita hajaweza kutembea vizuri, arudi apimwe upya.