Akili na Kamba ya Ngamia

Kuna hoja inayosikika sana kwenye darsa na mawaidha: neno akili, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufunga, kwa hiyo mwenye akili ni aliyejifunga, na anayedai uhuru wa kufikiri haijui hata maana ya neno analolitumia. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Ninachogombana nacho ni lile "kwa hiyo".

Mzizi wenyewe ni herufi tatu: ayn, qaf na lam. Bedui akitaka ngamia wake asiinuke akapotea, alimkunja mguu wa mbele akaufunga kwa kamba. Kamba hiyo ni iqal, na kitendo cha kuifunga ni aqala. Ndicho kitenzi kilichomo katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi za Mtume: mtu alimuuliza Mtume amfunge ngamia wake na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, au amwachie na kutawakali, akajibiwa, mfunge, kisha tawakali. Ule mviringo mweusi wanaouvaa Waarabu wa Ghuba juu ya kitambaa cha kichwa nao unaitwa iqal mpaka leo.

Ukishaiona kamba, unaiona kila mahali. Dawa ikizuia kuhara, Mwarabu husema imefunga tumbo, vilevile tusemavyo sisi, na kitenzi chake ni kilekile aqala. Ulimi uliokwama umefungwa. Ngome ya kukimbilia ni maqil. Bibi wa heshima anayetunzwa ni aqiila, na lulu huitwa aqiila ya bahari. Katika Kiarabu cha leo, mahali pa kuwekwa watu kizuizini ni mutaqal, na jambo linalokubalika akilini ni maquul. Kizuizi na busara vimetoka tumbo moja! Ibn Faris, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kamusi ya Maqayis al-Lugha akiutafutia kila mzizi maana yake mama, na huu aliukuta sehemu kubwa yake inarudi kwenye kuzuia: akili ni kile kinachomzuia mtu na maneno na matendo maovu. Basi wenye hoja ya kamba hawakuizua wao. Wana mtu mzito nyuma yao.

Lakini hao hao wanalugha wa zamani hawakuafikiana kila mara kamba imeingiaje. Fidia ya damu, diya, nayo huitwa aql, na ndugu wa upande wa baba wanaochangia kuilipa ni aaqila. Kwa nini? Wengine walisema ni kwa sababu ngamia wa fidia waliletwa wakafungwa uani kwa warithi wa aliyeuawa. Wengine wakasema ni kwa sababu fidia huzuia damu nyingine isimwagike. Maelezo yote mawili yanapendeza, na mzizi hauwezi kutuambia lipi ndilo.

Mfano ulionigeuza mimi ni kauli ya Abu Bakr, khalifa wa kwanza, katika mwaka wa 11 Hijria, makabila yalipokataa kutoa zaka baada ya Mtume kufariki. Katika mojawapo ya mapokezi alisema kwamba wakimnyima hata iqal waliyokuwa wakimpa Mtume, atawapiga vita. Ni kamba ya ngamia, kwa maana ya kitu kidogo kabisa? Au ni zaka ya wanyama ya mwaka mzima, ambayo nayo Waarabu waliiita iqal? Wanazuoni waligawanyika, na kila upande uliujua mzizi barabara. Wakaamua kwa kuutazama muktadha na mazoea ya wasemaji. Kama mzizi ungekuwa hakimu, kesi hiyo isingefunguliwa.

Qurani yenyewe inanipa shaka zaidi. Nomino aql haimo kabisa. Kilichomo ni kitenzi, mara 49, na katika Aya ya 43 ya Sura ya 29 tunasoma kwamba mifano ile hawaifahamu ila wenye ujuzi. Tia "hawaifungi" mahali pa "hawaifahamu" uone Aya inabaki na nini. Katika Sura ya 22, Aya ya 46, watu wanahimizwa watembee katika ardhi ili wawe na mioyo ya kufahamia. Hapo tendo la akili linaanza kwa safari, na ngamia mwenye iqal hasafiri.

Sisi wa Kiswahili tuna tatizo la ziada, kwa sababu ayn na qaf zimetupotea njiani. Chukua akili, akali, wakili na maakuli. Sikioni ni ndugu wanne. Kumbe akali, yaani wachache, imetoka kwenye mzizi wa uchache, q-l-l. Wakili ametoka kwenye w-k-l, pamoja na wakala na tawakali. Maakuli yametoka kwenye kula, kwa hamza na kafu. Hakuna hata wawili walio ndugu. Anayetaka kuwafundisha Waswahili kwa njia ya mizizi lazima kwanza awarudishie herufi hizo mbili, la sivyo atawaunganisha wasiohusiana na wao watamwamini.

Tena akili yetu imekwishahama. Tunasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tunaonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Na kompyuta zinazojibu maswali tumeziita akili mnemba. Katika misemo hiyo yote sioni mtu aliyefungwa mguu. Kamba ningemwonyesha mwanafunzi siku ya kwanza, ili neno limkae na asilisahau. Siku ya pili ningemfungulia Aya zile 49, tuzisome moja moja.