Konokono wa Kichocho Hakai Mgombani

Wiki iliyopita mpwa wangu, darasa la nne, karudi skuli, hata sare hajavua, kaingia mgombani na kuanza kuponda konokono kwa jiwe. Wale wakubwa wa nchi kavu, wanaojitokeza mvua ikishanyesha. Nikamuuliza kulikoni.

"Mjomba, hawa ndio wanaoleta kichocho. Mwalimu katuonesha picha."

Alipomaliza kuuokoa umma, akachukua taulo akateremka mtoni kuoga. Saa sita mchana, jua la utosi.

Sikumgombeza. Nilikwenda kuiona hiyo picha. Chati nzuri, ya rangi: mtoto anakojoa majini, mishale inazunguka, na pembeni konokono mnene wa bustanini, kana kwamba mchoraji aliambiwa "chora konokono" akachora aliyemjua. Basi kizazi kizima cha Pemba kitakua kinapiga vita mnyama asiyehusika.

Konokono wa kichocho wa kwetu ni mdogo, unaweza kumweka juu ya ukucha wa kidole gumba. Anakaa majini, kwenye nyasi na chini ya majani ya yungiyungi. Mshike gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukuelekee: mdomo uko kushoto. Kwa konokono wengi uko kulia. Ni hilo tu, mtoto wa miaka tisa analishika kwa dakika moja. Vijidudu vilivyoanguliwa kutoka mayai ya mkojo wetu humwingia, vikazaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kutafuta ngozi ya mtu. Na hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, saa ileile watoto wanapooga.

Mtaniambia konokono ni konokono. Nendeni Unguja basi. Kule wako wawili wanaofanana kama pacha. Bulinus globosus wa kaskazini na kati anabeba kichocho. Bulinus nasutus wa kusini habebi. Watu wamewatofautisha hadi kwa vinasaba, na ndipo ikaeleweka kwa nini watoto wa kusini walikuwa hawakojoi damu kama wenzao. Hata mbung'o walitokomezwa Unguja miaka ya 1990 kwa sababu ilijulikana kwamba ni aina moja tu, Glossina austeni. Yakafugwa madume ya aina hiyohiyo, yakagumbishwa kwa mionzi, yakarushwa kwa ndege ili majike yakipandwa nayo yasizae. Wangekosea aina, wangekuwa wanamwaga nzi angani bure.

Haya, nakubali kwa shingo upande, mengi ya hayo waliyafanya wageni wakishirikiana na wetu, na bila maabara ya afya ya jamii ya pale Wawi, hapa Pemba, tungekuwa gizani zaidi. Lakini mimi pia nilikojoa kwenye vikopo vyao nikiwa skuli. Tulisimamishwa kwenye ubao wenye alama, tukapimwa urefu ili ijulikane kila mtu ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vichungu hivyo, tukaenda zetu. Hakuna aliyerudi kutuambia mto gani una konokono na upi hauna. Jibu lipo, limeandikwa kwa Kiingereza, na mto wetu ni nukta kwenye ramani. Kwani kulileta kwa Kiswahili, karatasi moja, likabandikwa mlango wa skuli, kuna gharama gani?

(Na hao hao watoto wanachora twiga, ambaye kisiwani hapa hayupo. Popo wa Kidike, asiyepatikana porini popote duniani ila Pemba, kwao ni mwizi wa maembe tu.)

Jumamosi nikavaa viatu vya mvua na glavu, nikachukua chujio la tui la mama, ambaye hajanisamehe mpaka leo, nikamkalisha mpwa ukingoni nikakung'uta nyasi za mtoni. Mara ya tatu wakatoka wanne. Nikawatia maji ya moto kwanza, ndipo nikampa mmoja.

Akamgeuza, ncha juu. "Kushoto," akasema. Kisha akautazama mto kwa muda mrefu. "Kidogo hivi?"

Jumatatu akaenda nao skuli ndani ya chupa ya asali. Naambiwa swali alilokutana nalo lilikuwa moja tu: nani kakuruhusu kwenda mtoni?