Gari Lililoegeshwa Mbele ya Duka ni la Nani?

Nina duka la vitenge bondeni Kampala, si mbali na Old Taxi Park. Kila ikizuka habari ya kuwapanulia waenda kwa miguu njia, sisi wenye maduka huwa wa kwanza kulalamika: wateja wataegesha wapi? Nami nililalamika vivyo hivyo KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilipoteua barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum kuwa sehemu ya majaribio ya njia za miguu na baiskeli.

Jumamosi moja mvua ilisimamisha biashara. Nikaketi mlangoni, nikaanza kuhesabu magari yaliyokuwa mbele ya jengo letu. Yalikuwa sita. Mawili ya jirani muuza viatu, moja la mwenye jengo, moja la fundi simu, moja lori dogo likishusha marobota ya mitumba. La sita lilikuwa langu. La mteja halikuwepo hata moja.

Wateja wangu huja kwa miguu. Wengi ni akina mama wa Kongo walioshuka basi alfajiri, wanaotaka majora kadhaa kwa mkupuo na kuteta bei kwa Kiswahili cha Bukavu (kitamu kusikiliza, hata kama kinanipunguzia faida). Wakimaliza wanatafuta mpagazi, naye anabeba mzigo kichwani huku akipenya kati ya bampa na bampa. Nafasi aliyostahili kupita yule mpagazi ndiyo niliyokuwa nimeegesha Noah yangu.

Ukienda Mji Mkongwe, Unguja, kuna vichochoro ambavyo gari haliingii kabisa, na maduka yamejaa toka asubuhi. Anayetembea huona kitambaa, akasimama, akauliza bei.

Lakini kutandaza vitofali vya njia ya miguu peke yake hakutoshi. Mwaka jana shangazi yangu alinitembelea kutoka Mombasa, na magoti yake si ya jana. Tulikuwa tukitembea vizuri kwenye njia mpya ya mtaa mmoja jirani, mara njia ikakatika ghafla: shimo la mtaro lisilo na mfuniko, na baada yake ukingo unaofika karibu na goti. Akasimama akitafuta pa kushika. Nyuma yetu bodaboda akapiga honi, palepale juu ya njia ya miguu. "Nyabo (yaani mama), pisha!" Shangazi akamgeukia: "Nikupishe niende wapi, mwanangu, mtaroni?" Kijana akacheka, akazima pikipiki, akamshika mkono kumvusha. Kisha akawasha, akaendelea na safari juu ya njia ileile.

Wengine husema dawa ni nguzo za zege. Sawa, gari litazuilika. Ila nafasi ya kumpitisha mwenye kiti cha magurudumu humpitisha na bodaboda pia. Bila kuwapa vijana hawa kituo chao pale abiria wanapowahitaji, watapenya tu kati ya nguzo hizo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu walioshangilia wachuuzi walipoondolewa mitaani Januari 2022. Mimi nalipa kodi ya pango na mchuuzi halipi, najua, inauma. Lakini mama mwenye beseni la ndizi hafungi njia kama Noah inavyoifunga. Ukimchorea rangi chini, mita moja kando ya ukuta, na ukaacha upana wa watu wawili wenye mizigo kupishana, njia inatosha. Na mchoraji akumbuke maji, maana mvua ya vilima vyote huteremka kwetu kuelekea mfereji wa Nakivubo.

Tangu Jumamosi ile naegesha juu, kwenye uwanja wa kulipia, nateremka kwa miguu. Siku ya kwanza mbele ya duka palikuwa peupe hadi saa nne asubuhi. Jirani muuza viatu akaja na gari la tatu, la mkewe.