Daftari analo nani?

Ndugu uliyeandika hapo juu kwamba "anayesema korona ilitoka maabara alete ushahidi, la sivyo anyamaze", nakuunga mkono nusu. Mwenye kudai ndiye wa kuthibitisha, sawa. Lakini anayesema ilitoka kwa wanyama wa soko la Huanan, mjini Wuhan, China, naye si amedai? Abebe mzigo wake.

Na tuseme haki, upande wa soko una kitu mkononi. Mwaka 2003 virusi vya SARS, ugonjwa wa mapafu ulio ndugu wa korona, vilikutwa kwa fungo waliokuwa wakiuzwa masokoni Guangdong, jimbo la kusini mwa China. Data za Huanan zilizojulikana 2023 zilionyesha vinasaba vya mbwa-rakuni (mnyama wa porini wa jamii ya mbwa) kwenye vibanda vilevile vilivyokutwa na virusi. Hiyo haithibitishi kwamba mnyama aliugua, ila si maneno matupu. Upande wa maabara mpaka leo hawajaonyesha kwamba kirusi hiki kilikuwamo mle kabla ya mlipuko. Maabara ya virusi kuwa mji huohuo wa Wuhan ni sababu ya kuuliza, basi.

Kinachoniuma ni hiki: Juni 2025 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema China haijawapa mamia ya taarifa za kijenetiki za wagonjwa wa mwanzo, wala za usalama wa maabara za kutosha. Baba yangu mdogo tulimzika 2021, watu sita tu kaburini, jeneza limeviringishwa nailoni. Leo niambiwe nithibitishe mimi, wakati mwenye daftari kalifungia kabatini?