Kumbe Ni Wewe Unayemaliza Intaneti

Miezi minne nimeilaumu bure kampuni ya intaneti. Mimi na mwenzangu tumepanga pamoja hapa Manyatta, Kisumu, kodi nusu kwa nusu, waifai nusu kwa nusu, na kila ikigonga saa tatu usiku mtandao unakwama. Mpwa wangu akitaka kutuma kazi ya chuo hungoja hadi alfajiri.

Jumapili nikaazima kompyuta ya mwenzangu. Folda juu ya folda za benga ya zamani, ule muziki wa gitaa wa Waluo! Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, upande wa A na wa B, za miaka ya 1970, zilizopakiwa mtandaoni na wakusanyaji. Tena anazipakua kwa FLAC, aina ya faili ya muziki ambayo haipunguzi ubora wa sauti, kwa hiyo wimbo mmoja unakula nafasi ya MP3 kadhaa.

Lakini intaneti si kitu. Kinachoniuma ni usiri. Anajua vizuri baba yangu alikuwa na santuri kama hizo, zikapinda kwa jua, nyingine zikavunjika tulipohama. Anajua nimeziulizia hadi soko la Kibuye nikarudi mikono mitupu. Na muda wote huo yeye yuko chumba cha pili, amevaa vipokea sauti, anasikiliza peke yake!

Eti aliona haya, nitamcheka kwa kupenda mambo ya wazee. Mimi, nimcheke?

Ndugu yangu, pakua usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Na Ijumaa spika ikae sebuleni. Baba anakuja kutoka Bondo.