Mbwa wa mtaani wanahitaji sindano ya chanjo, si risasi

Malalamiko ya mbwa wanaozurura yakizidi, jawabu la haraka huwa risasi au sumu. Ni ukatili kwa mnyama, na mkazi anayeogopa kung'atwa hapati nafuu yoyote. Mbwa wa mtaa mmoja wakiuawa, chakula chao kinabaki jalalani, na muda si mrefu wengine wanahamia kutoka mtaa wa jirani, pengine bila chanjo. Mbaya zaidi, wanaouawa kwanza ni wale waliozoea watu, na hao ndio waliokuwa rahisi kuchanjwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Manispaa za Dar es Salaam zinachohitaji ni fungu la bajeti la kuchanja mbwa, linalojirudia kila mwaka.

Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kiwango hicho kipimwe mtaa kwa mtaa. Kata inaweza kuonyesha wastani mzuri huku mtaa mmoja ukiwa haujaguswa, na ugonjwa ukajificha humo. Pemba waliuondoa kwa kuchanja mbwa kwa wingi, ukarudi, wakachanja tena.

Zoezi lenyewe huharibika kwenye mambo madogo. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, bila kuganda, kwa hiyo afisa mifugo anayekwenda Mbagala na boksi lisilo na barafu ya kutosha anaweza kuwa anachoma dawa iliyokwisha nguvu. Kituo kiwe karibu, hata uwanja wa shule ya msingi, na kifunguliwe Jumamosi. Siku ya kazi wenye mbwa hawapo. Tangazo lipite msikitini, kanisani na shuleni, maana mara nyingi wanaoleta mbwa ni watoto. Wachanjaji wabebe kamba za akiba, kwani mbwa wengi wa uswahilini hawajawahi kufungwa. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu nao wachanjwe: kuwarudisha nyumbani ni kosa la kawaida, na hao ndio wengi mwakani. Na isitozwe hata shilingi. Ada ndogo tu inatosha kuwabakiza nyumbani mbwa wa kaya maskini.

Kila aliyechanjwa apakwe rangi kichwani au avishwe utepe shingoni. Kesho yake alfajiri, watu wawili wapite vichochoroni wakihesabu wenye alama na wasio nayo. Wakikuta wenye alama hawafiki 7 kati ya 10, timu irudi. Kuhasi mbwa ili wasizaliane ni jambo jema, lakini kunahitaji daktari, dawa ya usingizi na uangalizi wa kidonda. Chanjo isisubiri huko.

Halafu kuna taka. Bucha linalomwaga mabaki nje usiku linalisha kundi zima la mbwa, na leseni yake inatoka manispaa hiyo hiyo. Sharti la pipa lenye mfuniko liandikwe humo na likaguliwe.

Mamlaka hayo ya manispaa ya kuweka masharti yapo pia kwenye masoko ya kuku, ambako nako wanyama wanateseka. Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema. Akibanwa kwenye tenga juani, mdomo wazi, mabawa yameachana na ubavu, tayari anazidiwa na joto. Mikataba ya vizimba idai kivuli mahali pa kushushia matenga, maji, na mzigo ufike kabla jua halijawa kali. Bodaboda anayening'iniza kuku miguu juu asiruhusiwe kupita getini.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio hupangwa miezi mingi kabla. Kwenye mkutano wa mtaa ulizeni waziwazi: manispaa imetenga dozi ngapi za chanjo kwa kata yetu, na nani atahesabu mbwa baada ya zoezi? Jibu likikosekana, diwani abebe swali hilo hadi kwenye baraza kabla bajeti haijapitishwa.