Ruzuku ya Asilimia 70 Inayotaka Uwe na 65 Mfukoni

Kuna sentensi inayopatikana katika mikataba mingi ya ruzuku za utafiti, na kwa kawaida huwekwa ukurasa ambao mtu anaufikia akiwa ameshashika kalamu: "Gharama zitarejeshwa baada ya kuthibitishwa kwa matumizi." Imetulia, haina ukali, wala haimtishi mtu. Kabla yake kuna hotuba za uzinduzi, mabango, na picha ya kiongozi akikabidhi ile hundi kubwa ya kadibodi ambayo hakuna benki inayoipokea. Hundi hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo fedha pekee ambayo kampuni changa itaiona kwa miezi sita ijayo.

Mjadala wa fedha za utafiti huwa ni wa ukubwa wa mfuko. Umoja wa Afrika una lengo la asilimia 1 ya pato la taifa, Umoja wa Ulaya una asilimia 3, na malengo hayo husomwa mikutanoni mwaka nenda mwaka rudi. Sawa, mfuko ukikua ni heri. Lakini ninachokipigia kelele hapa ni kitu kidogo na kikavu zaidi, ambacho hakitolewi hotuba: fedha inalipwa lini. Mfuko unaweza kuongezwa mara mbili, na bado ukaua kampuni zile zile ulizokusudia kuzisaidia, kwa sababu tu ya tarehe za malipo.

Tupige hesabu. Mradi wa miezi 12 unagharimu 100. Weka sarafu unayoitaka na sufuri uzipendazo. Ruzuku inabeba asilimia 70, kampuni inachangia 30. Matumizi ni 25 kila robo mwaka. Robo ikiisha, kampuni ina mwezi mmoja wa kuandaa madai: risiti, ankara, taarifa za benki, majedwali ya saa za kazi. Ofisi inayapitia kwa miezi miwili. Kwa hiyo malipo ya robo ya kwanza, ambayo ni 17.5, yanaingia mwisho wa mwezi wa 6. Wakati huo kampuni imeshatumia 50. Mwezi wa 9, kabla malipo ya pili hayajaingia, imetumia 75 na kupokea 17.5 tu, pengo ni 57.5. Mwezi wa 12, kabla ya malipo ya tatu, imetumia 100 na kupokea 35. Pengo ni 65.

Rudia kusoma hapo. Kampuni "iliyofadhiliwa kwa asilimia 70" ilipaswa kuwa na 65 yake mwenyewe ili mradi ufike mwisho. Na hiyo ni kama kila kitu kimekwenda barabara. Afisa akirudisha dai la kwanza kwa sababu jina kwenye ankara limeandikwa kifupi cha kampuni badala ya jina lililosajiliwa, na kila malipo yakasogea robo moja mbele, pengo la mwezi wa 12 linakuwa 82.5. Halafu kuna zuio la asilimia 10 ya ruzuku linalosubiri ukaguzi wa mwisho. Hiyo ni 7 nyingine inayolala, na ukaguzi hauna tarehe.

Sasa chukua fedha ile ile, 70, bila kuongeza hata senti. Lipa 28 siku ya kusaini, 21 mwezi wa 6, 14 mwezi wa 9, na 7 mwishoni baada ya ripoti. Mwezi wa 6 kabla ya malipo pengo ni 22. Mwezi wa 9 ni 26. Kilele ni 37, mwezi wa 12, na ndani yake 30 ni ule mchango ambao kampuni ilikuwa imeukubali tangu mwanzo. Serikali imetoa kiasi kile kile. Tofauti ya 65 na 37 ni kalenda tu.

Nani basi anaweza kubeba 65? Kampuni yenye wateja tayari. Kampuni tanzu ya kampuni kubwa. Mtoto wa mwenye nacho. Na kuna kundi la nne ambalo watu hawalitaji: kampuni za washauri ambazo kazi yao ni kuishi kwa ruzuku, zina mhasibu wa ruzuku, zina kiolezo cha kila ripoti, na ruzuku za mwaka juzi zilizokwisha kulipwa ndizo zinazogharamia miradi yao ya mwaka huu. Aliye nacho ndiye anayeongezewa, kisha mwisho wa mwaka tunaletewa tathmini inayoshangaa kwa nini wanufaika ni wale wale.

Utasikia mtu akisema: si wakope benki, mkataba wa ruzuku si uko mkononi? Benki haikopeshi juu ya mkataba huo, na haikosei. Mkataba wenyewe unasema gharama yoyote inaweza kukataliwa. Afisa mikopo anaona deni ambalo mdaiwa amejipa haki ya kulipunguza apendavyo. Dhamana gani hiyo? Na pale ambapo mfadhili anakubali kutoa malipo ya awali, mara nyingi anadai dhamana ya benki ya kiasi hicho hicho. Benki nayo inaitaka kampuni changa iweke fedha taslimu sawa na dhamana, kwa sababu haina kiwanja wala jengo. Kwa hiyo ili upewe 28, funga 28, tena ulipie ada ya dhamana.

Ubaya wa mfumo huu hauishii kwenye akaunti. Unaingia hadi kwenye kifaa kinachotengenezwa, na hapa ndipo ninapokereka zaidi.

Mtu yeyote aliyewahi kusanifu bodi ya sakiti anajua kwamba ya kwanza hutengenezwa ili kugundua makosa. Nyaya za kutuma na kupokea data zimepishana. Nafasi ya chipu imechorwa kwa vipimo vya toleo jingine la chipu hiyo hiyo. Kidhibiti volti kinachemka kwa sababu shaba iliyo chini yake haitoshi kutawanya joto. Ya pili inarekebisha hayo na kufichua mengine. Ya tatu ndiyo inayopelekwa maabara kupimwa kama kifaa kinatoa mawimbi yanayovuruga vifaa vingine, na hapo nako kushindwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida: kebo ya umeme imegeuka antena, au usambazaji umeme unapiga kelele kwenye masafa ambayo hakuna aliyeyafikiria. Dawa yake inaweza kuwa feraiti ya bei ndogo kwenye kebo, kipande kinachozuia mawimbi hayo, na kapasita mbili. Lakini lazima ulipie maabara tena, usubiri zamu yako tena.

Bajeti ya ruzuku inasemaje? "Bodi za sakiti, toleo 1. Upimaji wa maabara, mara 1." Imeandikwa hivyo kwa sababu fomu ilitaka bei kamili ya kila kitu miezi minane kabla, na mtathmini angeona matoleo matatu kama dalili ya kutojua kazi. Kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine kunaruhusiwa hadi kikomo fulani, mara nyingi asilimia 10; zaidi ya hapo andika barua, subiri kibali. Kuna pia sharti la kotesheni tatu, yaani bei za maandishi kutoka kwa wachuuzi watatu kabla ya kununua. Chipu ina msambazaji mmoja aliyeidhinishwa, bei yake inadumu siku chache, akiba ni ndogo. Mhandisi anatafuta kotesheni mbili za uongo-uongo kutoka kwa wachuuzi wasio na chipu hiyo ili faili likamilike. Faili linapokamilika, chipu imekwisha.

Basi watu hufanya nini? Wanasanifu kwa kuogopa risiti. Wanachagua kipuri kinachopatikana kwa kotesheni tatu badala ya kinachofaa. Wanapeleka bodi ya kwanza maabara kwa sababu tarehe ya ripoti imefika. Inashindwa, ripoti inaandikwa kwa lugha tamu, mradi unafungwa kwa "mafanikio", na kabati linapata kifaa kingine cha maonyesho. Tukishamaliza tunaitisha warsha kujadili kwa nini ubunifu wetu haufiki sokoni.

Haya, na upande wa pili una neno lake. Wapo wajanja. Zipo kampuni zinazosajiliwa Jumatatu ili kuomba Ijumaa, na ukizipa fedha kwanza hutaziona tena. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, maana wajanja hao hao ndio mahodari wa kutengeneza risiti. Mfumo wa marejesho unamchuja maskini mwaminifu kabla haujamgusa tapeli mwenye mtaji. Na nakubali pia kwamba afisa anaogopa. Mwaka 2009 Wizara ya Nishati ya Marekani iliidhinia Solyndra, kampuni ya paneli za jua, dhamana ya mkopo wa dola milioni 535, na 2011 kampuni ikafilisika. Wizara hiyo hiyo ilisaini mkopo wa dola milioni 465 na Tesla mwaka 2010, ukalipwa wote mwaka 2013, kabla ya muda wake. Ni upi uliopelekwa kwenye vikao vya Bunge vya kuhojiana? Afisa anayekataa risiti halali hafukuzwi kazi, na kampuni iliyokufa kwa kuchelewa kulipwa haiandikwi gazetini.

Lakini kinga dhidi ya hasara ipo, na si marejesho. Ni kugawa hatua. Mpango wa SBIR wa Marekani ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1982: taasisi za serikali kuu zenye bajeti ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya taasisi inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka zilitakiwa kutenga sehemu yake kwa kampuni ndogo, sehemu iliyofika asilimia 3.2 mwaka wa fedha 2017. Awamu ya kwanza ni fedha ndogo ya kujibu swali moja: je, jambo hili linawezekana? Awamu ya pili ni kubwa na wanaiomba waliovuka ya kwanza. Serikali haichukui hisa. Mchumi Sabrina Howell alichunguza ruzuku hizo za Wizara ya Nishati na kuchapisha matokeo mwaka 2017: awamu ya kwanza, iliyofika dola 150,000, iliongeza takriban maradufu uwezekano wa kampuni kupata baadaye mtaji wa ubia, yaani fedha za wawekezaji wanaonunua hisa za kampuni changa. Awamu ya pili, yenye fedha nyingi zaidi, haikuonyesha athari ya namna hiyo. Maelezo yake ni kwamba fedha ya kwanza iliwawezesha kujenga na kujaribu kifaa. Muhuri wa serikali peke yake haukuwa ndiyo siri. Kidogo, mapema, kikaonyesha kama wazo lina uhai. Ukipoteza, umepoteza kidogo.

Kuhusu serikali kuwekeza kwenye hisa, nitapita haraka. Israeli ilijaribu njia mbili karibu kwa wakati mmoja. Mpango wa Inbal, mwaka 1992, uliwakinga wawekezaji na hasara hadi asilimia 70, na haukufika popote. Yozma, mwaka 1993, uliweka dola milioni 100, sehemu kubwa katika mifuko 10 iliyoendeshwa na watu binafsi, na kuwapa haki ya kuinunua sehemu ya serikali kwa bei nafuu iwapo mambo yatakwenda vizuri. Wa kwanza ulimlipa anayeshindwa, wa pili ulimlipa anayeshinda. Wanaonakili mifuko ya namna hii hunakili jina na nembo, wakisahau kifungu hicho.

Wala msiseme malipo bila risiti ni ndoto. Tume ya Ulaya, ambayo hakuna atakayeituhumu kwa kuchukia makaratasi, ilianza kujaribu malipo ya mkupuo mwaka 2018: kila fungu la kazi lina bei iliyokubaliwa mwanzoni, kazi ikifanyika linalipwa, bila mfadhili kudai hesabu ya saa na risiti. Sababu ilikuwa wazi. Wakaguzi wao walikuwa wakikuta makosa mengi kwenye gharama za watumishi, na mengi yalikuwa ya kuhesabu vibaya, si ya wizi.

Kwa wenye mkataba mezani wiki hii, angalieni mambo haya kabla ya kalamu. Tarehe ya kuanza kutambuliwa kwa gharama: kama ni siku ya kusaini, kila mlichonunua jana ni chenu. Kodi ya ongezeko la thamani: inarejeshwa au la? Mkinunua kwa fedha za kigeni, kiwango cha ubadilishaji ni cha siku ya malipo au cha siku ya ripoti? Mshahara wa mwanzilishi unatambuliwa, au anatarajiwa kula hewa kwa mwaka mzima? Andikeni bajeti ya bodi kama "maendeleo ya kifaa, hadi matoleo 3" na upimaji kama fungu moja lenye marudio ndani yake. Ni rahisi kulitetea sasa kuliko kuomba kibali baadaye. Ombeni madai yawe ya kila mwezi badala ya kila robo: katika hesabu ya juu, dai la mwezi likilipwa baada ya siku 60, kilele cha pengo kinashuka kutoka 65 hadi 47.5, na mfadhili hapotezi kitu. Na ombeni kifungu kimoja cha mwisho, hata kama mtachekwa: dai lisilojibiwa ndani ya siku 30 lihesabiwe limekubaliwa. Wakikataa, waulizeni kwa maandishi siku zao ni ngapi, kisha rudini kwenye jedwali mpige hesabu upya kwa namba watakayowapa.